Ndugu wa Safari Anaponyamaza

MASWALI YA WASOMAJI

Barua nyingi zilizofika mezani petu mwezi huu zimeandikwa na watu waliorudi safarini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: yule mtu tuliyekaa naye kiti kimoja au chumba kimoja ugenini, tukawa kama tumezaliwa naye, ni nani kwetu sasa tumerudi nyumbani? Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake ameumia, na kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lake inawahusu wengi walioandika.

*

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Kizingo pamoja na wazazi wangu. Wakati wa likizo ya Agosti nilisafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Livingstone, Zambia, kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya ambayo nimekuwa nikiwafundisha watoto bila kuyaona. Kuanzia Dar es Salaam nilikaa na wasichana wawili: Mzambia aliyekuwa akirudi kwao Kabwe, na Mjerumani anayezunguka Afrika peke yake. Usiku basi letu liliharibika karibu na Makambako. Tulijibana kwenye viti viwili tukajifunika leso zangu, tukala halwa niliyokuwa nimefungasha kwa ajili ya mwenyeji wangu, na chupa ya chai tukaizungusha si kwa kunywa tu bali kwa kuotea mikono. Usiku huo niliwaambia jambo ambalo sijamwambia hata dada yangu, nao wakaniambia ya kwao. Baadaye tulishinda kwa akina yule Mzambia kule Kabwe, na safari yote ya pamoja ilikuwa siku nne tano hivi. Tuliagana kwa machozi, tukaapa hatutaachana. Sasa kundi letu la WhatsApp limenyamaza. Nikituma salamu napata alama ya dole gumba, basi. Mama yangu ananiambia marafiki wa njiani huishia njiani. Je, nilidanganywa? Na je, niendelee kuwatafuta au nijiheshimu ninyamaze?
Mwalimu, Kizingo

Marahaba, mwanangu. Hukudanganywa. Kilichotokea Makambako kilikuwa kweli kwa nyote watatu, na kimya cha sasa hakiwezi kurudi nyuma kukifuta.

Tuutazame kwanza usiku wenyewe. Makambako iko katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na baridi yake ya Agosti humshangaza mtu wa Kizingo ambaye shuka moja humtosha mwaka mzima. Mlikuwa wasichana watatu ambao juzi yake hamkujuana, gizani, hamjui fundi atafika saa ngapi, na mwenye leso mlikuwa na mmoja tu. Katika hali hiyo mtu hana nafasi ya kujipanga ili apendeze. Mwenzako anakuona umenuna, umechoka, unahesabu noti kwa siri ili ujue kama zitatosha, na bado anakusogezea kipande cha mwisho cha halwa, ambacho kwa haki kilikuwa chako. Watu hukaa kazini pamoja miaka mingi bila kuonana namna hiyo.

Kisha ikaja ile siri. Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni apitaye mara nyingi huambiwa mambo mazito ambayo watu huwaficha hata walio karibu nao, na sababu yake haihitaji elimu kubwa. Dada yako akijua, mama atajua. Mama akijua, kutakuwa na la kunong'onezana kwenye harusi ijayo. Msichana wa Kabwe na yule Mjerumani hawamjui mama yako wala hawaji kwenye harusi zenu, na ilikuwa imeshapangwa kwamba baada ya siku chache wataondoka na siri yako waende nayo mbali.

Hapo ndipo ulipo ugumu wako, na nakuomba usome pole pole. Kilichowafungueni vinywa ni kule kujua kwamba mtatengana. Mlipoapa kwamba hamtaachana, mliiondoa hali ileile iliyowawezesheni kusema. Sasa kila mmoja yuko kwao, amerudi kuwa binti wa watu, na kuna watu wawili duniani wanaolijua jambo lake zito kuliko yote. Sioni ajabu mmoja wao akiliona jina lako kwenye simu, akapata furaha na haya kwa pamoja, akaona dole gumba ndilo jibu lisilomgharimu. Wewe umelisoma kuwa dharau. Mimi, kwa umri niliofika, ningelisoma kwanza kuwa haya.

Liko pia suala la muda, ambalo wasafiri hulisahau kwa sababu siku moja ya safari huonekana kubwa kuliko wiki ya nyumbani. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha mwaka 2018 utafiti uliokadiria kwamba mtu unayemfahamu tu huhitaji kukaa nawe takriban saa 50 ndipo awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi ndipo awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ndipo awe rafiki wa karibu. Aliowachunguza walikuwa watu waliohamia mji mpya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, si abiria wa basi la Zambia, kwa hiyo tusizifanye hesabu zake kuwa sheria. Lakini zinasaidia kufikiri. Tuseme mlikuwa macho pamoja saa 15 kwa siku. Hata kwa siku tano hamfiki saa 80. Kwa saa mlizokaa, mlikuwa mmevuka ufahamiano na mnaukaribia urafiki. Kwa maneno mliyoambiana, mlikuwa mmeshasemezana kama watu waliolelewa pamoja. Pengo hilo halikuonekana mkiwa njiani kwa sababu kila saa ilikuwa ikiongezea nyingine. Mliporudi makwenu saa zikakoma kuongezeka, na pengo likabaki wazi.

Sasa nije kwa mama yako, na kwa heshima zote nimpinge kidogo. Mtu wa Mombasa ndiye wa mwisho anayepaswa kusema kwamba rafiki wa njiani huishia njiani. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalifika bandarini kwetu kwa kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na yakarudi kwao kwa kusi, unaoanza karibu na Aprili. Katikati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa Mji wa Kale wiki kwa wiki, pengine miezi, wakiuza tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, na kungojea shehena zao, zikiwemo boriti za mikoko kutoka Lamu. Nahodha aliyezoea mji alikuwa na mwenyeji wake, na wenyeji wake walikuwa na habari za kumwuliza: mtoto yule aliyekuwa mgonjwa, lile deni, yule mwenzako mbona hatumwoni. Kusi ikianza alitweka tanga akaenda, na kwa muda mrefu wa mwaka hakuna barua wala salamu ila za kupitishiwa na mtu kwa bahati. Hakuna aliyesema fulani ametutupa. Kimya hicho kilikuwa ni upepo tu, na kila mtu alijua hivyo, hata watoto waliozaliwa humo. Biashara ya majahazi ilififia katikati ya karne iliyopita. Sisi tulioletewa simu ndio tulioanza kuona kwamba urafiki usiojibu kwa siku tatu umekufa.

Kwa hiyo sikushauri unyamaze kwa kujiheshimu, kwa maana heshima yako haijaguswa. Nakushauri uliache lile kundi lipumzike. Kundi la watu watatu ni mahali pagumu: kila mmoja hudhani mwenzake atajibu, na hakuna anayeweza kusema jambo la moyoni mbele ya wote wawili akiwa jikoni kwao na ndugu wanapita. Mwandikie kila mmoja peke yake, na usimwandikie salamu tupu, kwa kuwa salamu tupu huomba jibu bila kumpa mtu cha kujibia. Yule wa Kabwe mwulize jambo analolijua yeye: yale mapishi mliyoyala kwao, au barabara gani ingekufaa ukirudi na wanafunzi wako. Yule Mjerumani mtumie picha mliyopiga Makambako asubuhi ile, nywele zimesimama, uso haujaoshwa. Usiitaje siri yake hata kwa fumbo. Akitaka kuigusa ataigusa mwenyewe, na kama hataki, atakushukuru kimoyomoyo kwa kumwachia.

Kisha ungojee bila kuhesabu. Wa Kabwe naona ana nafasi kubwa ya kubaki nawe, kwa sababu umeshinda kwao, mama yake amekupikia, na kuna njia ya basi kati yenu. Yule wa Ujerumani pengine utamwona tena baada ya miaka, pengine usimwone kabisa, na nisingekuficha hilo.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu dada. Jambo ulilowaambia wageni ulikuwa umelibeba peke yako, na sasa umekwisha kulisikia likitamkwa kwa sauti yako mwenyewe bila mbingu kuanguka. Sijui ni jambo gani na wala sikuulizi. Ila ukiona linakulemea tena, mtu wa kulisikia huenda analala chumba cha pili.

*

Mama, salamu. Nina duka la vyombo Kongowea. Nilipokwenda Guangzhou kwa yale maonyesho makubwa ya biashara ya Oktoba, nilichangia chumba na mfanyabiashara wa Kampala. Tulipikiana sima kwa unga aliokuja nao, kitoweo ni papa mkavu wangu, tumefungua madirisha yote ili wenye hoteli wasitufukuze kwa harufu. Ada ya mkalimani tuligawana, na nilipougua tumbo ndiye aliyenitafutia dawa usiku. Tumekuwa ndugu. Sasa ananiomba nimtumie fedha nyingi kwa ajili ya bidhaa za pamoja, yeye ndiye atakayezinunua safari ijayo. Mke wangu anasema nisithubutu. Kumkatalia ndugu kama huyu si aibu?
Mwenye duka, Kongowea

Ndugu yangu, mkeo hajakosea, lakini na mwenzako hajafanya baya kuomba.

Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimtolea mwenzake ushahidi wa wema mbele ya Khalifa Umar bin Khattab, na Umar akamwuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kushughulika naye katika dinari na dirhamu, na kama amewahi kusafiri naye. Alipojibu kuwa hapana kwa yote, akaambiwa kwamba basi hamjui mtu huyo. Tazama kwamba safari na fedha zimetajwa mbalimbali. Wewe umefaulu mtihani mmoja na mwenzako: unajua hakuachi ukiugua, unajua anavyokula na anavyolala, na unajua akichoka anakuwaje. Mtihani wa pili hamjaufanya, kwa maana kugawana ada ya mkalimani ni kitu kinacholipwa siku hiyohiyo mkitazamana. Kuna watu wema kabisa, wa kukukeshea kitandani, ambao hela ya mwenzao haikai mikononi mwao.

Na wazee wa pwani hii hawakuuacha urafiki wa wafanyabiashara uelee hivihivi. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyepita huku mwaka 1331, na ambaye Mombasa alilala usiku mmoja tu akielekea Kilwa, alieleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba chakula kilichofunikwa. Alimpa mfanyabiashara mmoja akasema huyu ni mgeni wangu. Mgeni alishukia kwa mwenyeji huyo, isipokuwa yule aliyekwisha kuuzoea mji na watu wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara hiyo haikukubaliwa. Ukarimu ulikuwapo, chakula kilikuwapo, na shahidi pia alikuwapo, wala hakuna aliyeona kwamba shahidi anautia urafiki dosari.

Basi mjibu hivi: uko tayari kushirikiana naye, lakini muanze na mzigo mdogo, wenye karatasi, kila mtu amelipia bidhaa zake mwenyewe kwa muuzaji, nanyi mkachangia nafasi ndani ya kontena tu. Bidhaa zikifika Mombasa salama na hesabu zikakaa sawa, safari ya pili muongeze. Kabla ya yote mpigie simu mzungumze kwa sauti, usimalizie mambo ya fedha kwenye ujumbe wa maandishi, kwa kuwa namba za watu huibwa na ombi hilo huenda hata si lake. Ikiwa ni yeye, na akakasirikia karatasi, umeokoa mtaji wako. Na mkeo mpe shukrani zake leo hii, asingoje hadi kontena lifike.

*

Assalamu alaikum. Mimi ni mzee wa Kisauni, nilijaaliwa kwenda hijja. Siku moja nikirudi kutoka kurusha mawe niliwapoteza wenzangu kule Mina, jua kali, mahema yote yanafanana, kibandiko cha mkononi chenye anwani ya kambi yetu kimefutika kwa jasho. Mzee mwenzangu wa Ngazija, kule Visiwa vya Komoro, alinishika mkono akatembea nami, tukiuliza huku na huku, mpaka tukaikuta kambi. Hakunywa maji yake hata tone mpaka mimi nimekunywa. Tulielewana, maana lugha yao na yetu ni jamaa. Tuliachiana namba, na huzungumza kila Ijumaa. Natamani nimwalike nyumbani. Mwanangu anasema nyumba ni ndogo, na kwamba mtu wa siku moja si wa kugharimikiwa hivyo. Unasemaje?
Haji, Kisauni

Wa alaikum salaam, mzee wangu, na Mwenyezi Mungu aitakabali hijja yako.

Yale niliyomwambia mwenye duka kuhusu mitihani hayakuhusu. Yeye anaombwa kumwamini mtu kwa jambo ambalo bado halijatokea. Wewe unataka kumshukuru mtu kwa jambo lililokwisha kutokea. Mzee yule alikuwa na ibada zake za kutimiza, na umri wake kama wako, na kwa saa kadhaa katika jua la Mina aliziweka kando akakushughulikia wewe. Siku moja ya namna hiyo inatosha kabisa kumwita mtu rafiki. Tena nyinyi mmeshalifanya lile linalowashinda vijana wetu wengi, kuzungumza kila Ijumaa bila kukosa.

Mwanao naye tumsikilize kwa upande wa gharama, maana pengine ndiye atakayezibeba. Mgeni wa umri huo hahitaji makubwa. Anahitaji kitanda kisicho cha juu sana, choo cha karibu, na msikiti anaoweza kuufikia kwa miguu. Chakula chenu cha kila siku kitamtosha, na samaki wa kupaka akiongezeka hatalalamika. Nauli mzungumze waziwazi mapema, nani analipa nini, ili asije akauza kitu kwao kwa kuona haya kukataa mwaliko. Kuhusu pasipoti na taratibu za kuingia, mwanao aulize ubalozini kabla hamjapanga tarehe.

Wakati ninaoupendekeza ni Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, kwa ajili ya Maulidi ya Lamu. Habib Swaleh, aliyeuasisi msikiti wa Riyadha ambako Maulidi hayo husomwa, asili yake ni hukohuko Ngazija. Alifika Lamu akiwa mgeni, akabaki, na leo wajukuu wa waliompokea hujivunia kuwa ni wa kwao. Rafiki yako atakapoketi uwanjani pale hatajiona mgeni wa hisani. Baada ya siku za Lamu mrudi Kisauni apumzike, mzungumze mambo yenu ya uzee bila vijana kuwakatiza.

Mwanao nadhani atalainika akipewa kazi badala ya hotuba. Mpe yeye shughuli ya kuwasindikiza hadi Mokowe na kuwavusha kwa boti, na awakatie tiketi za basi mapema, kwa kuwa siku za Maulidi viti vya kwenda Lamu havingojei mtu.